Sheria ya Kufahamiana

Ilikuwepo nchi, na ipo mpaka leo, ila jina lake silitaji. Si woga. Wiki niliyoanza kuandika habari hizi, jina la nchi hiyo lilikuwa limepelekwa kwenye kamati likabadilishwe, na kamati ilikuwa bado haijakubaliana nani akae kiti cha mbele. Kwa hiyo tuiite nchi hiyo, tuendelee.

Katika nchi hiyo vijana walisoma sana. Walisoma mpaka chuo, wakavaa majoho, wakapigwa picha na shangazi zao, kisha wakarudi nyumbani kukaa. Wakienda kuomba kazi waliulizwa swali moja tu, tena kwa upole: "Nani anakufahamu hapa?" Asiyekuwa na jibu alishukuriwa kwa kuja. Swali hilo halikuwa limeandikwa kwenye kanuni yoyote, na labda ndiyo maana lilifuatwa kuliko kanuni zote.

Mtu aliyelijua swali hilo kuliko wenzake alikuwa Mwalimu Chilewa, mshauri wa ajira katika Chuo cha Taifa cha Ufundi na Stadi Nyinginezo. Ofisi yake ilikuwa stoo ya mafagio. Alipopewa chumba hicho mafagio hayakuhamishwa, yalisogezwa tu, na kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi huku fagio moja likimwangukia begani kila mlango ulipofunguliwa. Mwanzoni alikuwa akilirudisha ukutani. Siku hizi aliliacha lilale begani mpaka mgeni aondoke. Alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona.

Barua yake ya ajira ilisema kazi yake ni kubandika matangazo ya nafasi za kazi kwenye ubao. Kwa kuwa matangazo yote yalifika chuoni baada ya tarehe ya mwisho kupita, kazi hiyo aliimaliza mapema, akabaki na muda wa kutosha wa kuwasaidia wanafunzi.

Msaada wenyewe ulikuwa ndani ya daftari lenye jalada la bluu, limefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Humo aliandika majina ya wanafunzi wake wa zamani waliopata kazi, mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja na nambari yake. Nambari 88, kiwanda cha sabuni, hapendi simu za asubuhi. Nambari 140, hospitali ya mkoa, ana hasira za karibu ila moyo wake mzuri. Nambari 207, Wizarani, mama yake anaumwa miguu, muulize hilo kwanza.

Mwanafunzi akija, Mwalimu hakukimbilia simu. Alimtuma kwanza akawatafute watu watatu wanaofanya kazi anayoitaka, awaulize wanachokichukia katika kazi hiyo. Akirudi bado anaitaka, ndipo Mwalimu alipofungua daftari na kupiga. "Mwanangu, mama hajambo? Nina mtoto hapa. Mpe wiki moja akae pembeni aone unavyofanya kazi. Sina lingine." Mara nyingi ilitosha.

Mwaka ninaousimulia alimjia Zamoyoni, wa mwaka wa mwisho, fani ya maabara. Alitaka kupima maji. Alipoulizwa kwa nini, alijibu bila kupamba. Mdogo wake alikuwa amekufa kwa kuharisha akiwa na miaka minne, na mpaka leo hakuna aliyewahi kusema kisima chao kilikuwa na nini. Aliwauliza watu watatu, akaambiwa kazi hiyo ina harufu, ina jua, na hakuna anayekusikiliza ukisema maji ni mabaya. Alirudi bado anaitaka.

Ili ahitimu alihitaji wiki sita za mafunzo kwa vitendo katika maabara ya Idara ya Maji, na kitabu chake cha mafunzo kigongwe muhuri kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa. Kuomba mwaka mwingine kusingewezekana. Mjomba aliyekuwa akimsomesha alishamwambia kwamba zamu ya wadogo zake imefika. Mwalimu akampigia nambari 251, Bi Leokadia, msimamizi wa maabara hiyo.

"Mlete Jumatatu ya wiki ijayo, Mwalimu," Bi Leokadia akasema. "Nimemisi kuona mtu anayetaka kujifunza."

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, sheria ikatoka, na safari ya Zamoyoni ikaahirishwa.

*

Waziri wa Vijana na Matarajio, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Gwalugwa, alilihutubia taifa kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumefanya utafiti. Tumegundua kwamba anayepata kazi ni yule anayefahamika. Kwa hiyo tatizo letu si kazi. Tatizo ni kwamba kufahamiana kumeachwa mikononi mwa watu binafsi, wanafahamiana wanavyotaka, saa wanayotaka, bila usimamizi wa aina yoyote. Kuanzia leo kufahamiana ni mali ya umma."

Watu wakapiga makofi, wengine kwa sababu walikuwa wamekaa mbele.

Sheria ilikuwa nyepesi. Hakuna mtu atakayemfahamu mwenzake kikazi bila kibali. Kila mwanafunzi wa chuo atapewa na serikali mtu mmoja wa kumfahamu, aitwaye Mfahamika wa Taifa. Mtu mzima yeyote mwenye kazi aliruhusiwa kuwa Mfahamika, mradi ajaze fomu ya kurasa kumi na tisa. Ukurasa wa kumi na moja ulidai sahihi ya mtu anayemfahamu mwombaji, na mtu huyo naye awe na kibali.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kibali, hakuna aliyevuka ukurasa wa kumi na moja. Walikwama majaji, walikwama wakurugenzi, alikwama hata mchapaji wa fomu. Aliyefanikiwa ni Waziri peke yake, maana yeye alijisainia mwenyewe kwamba anajifahamu, na sheria haikukataza. Hivyo ilipofika siku ya kugawa Wafahamika, wanafunzi elfu arobaini na moja walipangiwa Waziri.

Katikati ya shughuli hizo washauri wote wa ajira waliitwa Wizarani kwenye warsha ya siku moja. Aliyeiendesha alikuwa Bwana Lukio, Afisa Mhakiki wa Kufahamiana, kijana wa suti ya kijivu. Mwalimu alimtambua mara moja. Ndiye aliyekuwa nambari 207. Miaka sita nyuma alikuwa amekaa chini ya lile fagio, analia kwa sababu wenzake wote wamepata na yeye hajapata.

Lukio hakuonyesha kumtambua, na haikuwa ajabu, alikuwa kazini. Ila wakati wa chai alisogea karibu, akashusha sauti. "Mwalimu, Wizara inataka kujifunza kutoka kwako."

Hapo ndipo Mwalimu Chilewa alipofanya kosa. Mtu mwingine angeuliza mnataka kujifunza nini, na mkishajifunza mtafanya nini. Lakini katika miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa Wizara aliyewahi kutaka kujifunza chochote kutoka kwake. Alilitoa daftari mfukoni na kuufungua ule mpira mwenyewe, kwa mikono yake, akalikabidhi.

Wizara ililisoma, ikafurahi kupita kiasi. Kumbe watu wa kufahamika wapo, tena wameandikwa kwa nambari. Ndani ya siku nne wote mia tatu na kumi na wawili, isipokuwa Lukio aliyebaki kuhakiki, wakapelekwa kwenye hoteli kando ya ziwa, warsha ya miezi mitatu, wakajengewe uwezo wa kusaidia vijana. Simu zao zilikusanywa mlangoni ili wasisumbuliwe na vijana.

*

Siku ya Kufahamiana Kitaifa ilifanyika uwanja wa mpira. Wanafunzi walipanga mstari, mmoja mmoja akipanda jukwaani kumshika Waziri mkono, akitaja jina lake, kisha anapokea cheti. Kufikia mwanafunzi wa mia sita mkono wa Waziri ulivimba mpaka saa ikamkaza. Daktari akaamuru apumzike. Taifa lisingeweza kusimama kwa ajili ya mkono mmoja, kwa hiyo karakana ya magereza ikatengeneza mwingine kwa usiku mmoja, wa mninga, uliopigwa msasa vizuri, ukavalishwa saa na kulazwa juu ya mto mwekundu. Walioshika mkono wa Waziri na walioshika wa mninga walikutana baadaye kwenye foleni ya maji, wakalinganisha, wakakubaliana kwamba hakuna tofauti kubwa.

Zamoyoni alishika wa mninga. Jumatatu iliyofuata sherehe hiyo, na cheti chake mkononi, alifika mapokezi ya Idara ya Maji akiwa na Mwalimu Chilewa. Mama wa mapokezi alikipokea cheti kwa heshima na kukiweka juu ya rundo lililofika kidevuni pake.

"Wote hawa wanafahamiana na Waziri," alisema. "Hata wangu wa kumzaa anafahamiana na Waziri. Yuko nyumbani, amelala. Sasa niambie, mwanangu, nani anakufahamu hapa?"

"Bi Leokadia wa maabara," Zamoyoni akajibu.

"Yuko warsha. Amekwenda kujifunza kuwapokea nyinyi."

Walitoka wakasimama kwenye ua wa nyuma, karibu na bomba. Zamoyoni hakulia, ila alikuwa anahesabu kwa vidole wiki zilizobaki mpaka ile Ijumaa, na vidole vilikuwa vinatosha wiki sita tu, bila hata siku ya ziada. Mwalimu aliingiza mkono mfukoni kutafuta daftari, akakumbuka. Aliona aibu ya kweli, aibu ya mtu aliyegawa funguo za nyumba ya watu.

Penye bomba palikuwa na mtu wa makamo amechuchumaa, anaosha chupa za sampuli. Aliinuka akapangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Mwalimu akasema, na macho yake yakamzunguka yule mtu bila kupata mahali pa kutua.

"Nkwabi," yule mtu akamsaidia. "Darasa lako la pili. Uliniandikia barua tatu za kuombea kazi. Ninazo mpaka leo."

Mwalimu akakumbuka. Nkwabi alikuwa wa kwanza darasani mwaka ule, kisha hakupata popote, na kwa kuwa daftari lilikuwa la waliopata, jina lake halikuandikwa kamwe. Miaka ishirini alikuwa anaosha chupa umbali wa vituo vitatu kutoka chuoni, na Mwalimu hakuwahi kuuliza.

"Nisamehe," akasema.

"Hilo lishapita, Mwalimu. Huyu binti ana shida gani?"

Walimweleza. Nkwabi akasikiliza huku anaendelea na chupa.

"Maabara imefungwa, basi?" Mwalimu akauliza.

"Haijafungwa. Wakubwa ndio hawapo. Lakini maji yanakuja kila asubuhi, hayajaambiwa habari za warsha. Inabidi yapimwe, kwa hiyo napima mimi. Siruhusiwi. Ila watu wanakunywa." Alimgeukia Zamoyoni. "Una koti?"

"Ninalo."

"Livae."

*

Wiki sita Zamoyoni alijifunza kwa mwosha chupa. Alijifunza kuchota sampuli bila kuigusa shingo ya chupa, na kunusa kabla ya kupima, na kuandika matokeo wino ule ule hata yakiwa ya aibu kwa Idara. Alijifunza pia nani wa kumwendea. Dereva wa gari la dawa alijua tangi lipi halijasafishwa. Mama muuza uji wa mtaa wa chini alijua siku ambayo watoto walianza kuugua. Nkwabi aliwafahamu wote hao, na wote walimfahamu, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa na kibali.

Wiki ya nne walikuta tangi la mtaa wa chini lina uchafu wa choo. Hakukuwa na mkubwa wa kuripotiwa. Waliandika kwa chaki ubavuni mwa tangi, kwa herufi kubwa, CHEMSHENI, na mama wa uji akapita mlango kwa mlango. Zamoyoni alirudi kwake jioni ile akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, anamfikiria mdogo wake.

Ilibaki Ijumaa ya mwisho. Kitabu cha mafunzo kilidai sahihi ya msimamizi aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi, na chini yake sahihi ya mshauri wa chuo anayethibitisha kwamba anamfahamu msimamizi huyo. Waziri hakufaa hapo, maana hata mkono wake haukuwa umefika maabara. Nkwabi akasaini kwanza, pole pole, maana hakuwa ameombwa sahihi yake tangu aajiriwe.

Mwalimu Chilewa alikipeleka kitabu stoo ya mafagio, akakaa nacho. Alijua akiandika anamfahamu Nkwabi atakuwa amefahamiana bila kibali. Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu kwa heshima, na heshima yenyewe ni kupewa saa ya ukutani na kuruhusiwa kuja chuoni kusalimia. Hilo la kusalimia ndilo alilokuwa analitaka. Hakuwa na mtoto, mkewe alishafariki, na watu wote aliokuwa nao duniani aliwapata humu humu, chini ya fagio.

Kwenye nafasi iliyouliza "Unamfahamu vipi?" akaandika: "Nilimfundisha. Hakupata kazi aliyostahili, na mimi sikumfuatilia. Bado aliifanya. Namfahamu vizuri kuliko ninavyostahili." Akaandika majina yake yote matatu, Edmundi Sekiwa Chilewa, ambayo hakuna aliyewahi kuyatumia yote, kisha akagonga muhuri.

Zamoyoni alikisoma pale pale mlangoni, fagio likiwa begani pake.

"Mwalimu, hii itakuletea shida."

"Nenda ukakiwasilishe, mwanangu, wanafunga saa tisa."

Akahitimu. Na kwa kuwa wale waliopelekwa hotelini walipomaliza warsha hawakurudi kazini, bali walipandishwa vyeo wote na kuwa Baraza la Kudumu la Watu wa Kufahamika, maabara ya Idara ya Maji ilijikuta haina mtu. Waliitisha usaili. Wakamuuliza Zamoyoni lile swali. Mlango ulikuwa wazi, na Nkwabi, aliyekuwa anapita na kreti la chupa, akanyoosha mkono wake wenye povu. Walimpa kazi kwa majaribio ya mwaka mmoja, kwa sharti kwamba akionekana anafahamiana na mtu asiye na kibali, anaondoka siku hiyo hiyo.

*

Ukaguzi ulifika chuoni baada ya mwezi. Bwana Lukio alikuja na faili, akafungua mlango wa stoo, na fagio likamwangukia begani kama zamani. Alisoma akiwa amesimama, bila kuinua macho.

"Edmundi Chilewa, kwa kosa la kufahamiana bila kibali, ameondolewa kazini na kufutwa katika rejesta. Kuanzia leo hafahamiki. Mtumishi yeyote wa umma atakayethibitika kumfahamu atachukuliwa hatua."

"Nimesikia," Mwalimu akasema. "Mama anaendeleaje na miguu?"

"Swali hilo liko nje ya utaratibu." Lukio akafunga faili, akahangaika na kifungo chake kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Siku hizi anatembea," akasema, akatoka.

Mlinzi wa geti, ambaye alisalimiana na Mwalimu kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano, alipomwona anatoka na mfuko wake aliugeukia ukuta na kuanza kusoma tangazo la kazi lililopitwa na wakati. Mwalimu hakumlaumu. Alimpita taratibu ili asimlazimishe kulisoma mara mbili.

Tangu hapo alikaa kwake mtaa wa chini. Dukani alihudumiwa kama mpita njia. Waliomsogelea walikuwa wale ambao hawakuwa na kazi ya kupoteza, na hao katika nchi ile hawakuwa wachache, lakini wao aliwaonea haya, maana hakuwa tena na namba ya kumpigia mtu kwa ajili yao. Alikuwa mpweke sana. Jioni alijikuta ananong'ona majina, nambari 88, nambari 140, mpaka usingizi unamchukua.

Mwezi wa tatu wa upweke huo, asubuhi, gari la Idara ya Maji likasimama mbele ya nyumba yake. Walikuwa wanapima mabomba ya mtaa mzima. Akashuka Zamoyoni na koti lake jeupe na sanduku la chupa, na nyuma yake Bwana Lukio, kwani kila mpimaji alitembea na mhakiki wa kuzuia kufahamiana njiani.

Mwalimu alikuwa amesimama kibarazani na birika mkononi. Zamoyoni alisimama ghafla. Mdomo ulishaanza kufunguka, na ile shikamoo ilikuwa inaonekana usoni pake kabla haijasikika.

Mwalimu akawahi. "Karibuni, mabwana wa maji. Bomba liko huko pembeni."

"Mnafahamiana?" Lukio akauliza, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Huyu binti ndiyo kwanza namwona."

Lukio akamgeukia Zamoyoni, akangoja. Zamoyoni alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akatikisa kichwa kidogo sana, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi anapotaka kuandika uongo kwenye barua ya maombi. Safari hii alikuwa anaomba uongo.

"Hapana," akasema Zamoyoni.

Alikwenda bombani. Alifungua maji yakamwagika kidogo, akakinga chupa bila kuigusa shingo, akanusa, akafunika. Kisha akatoa lebo na kalamu, na kwenye mstari wa jina la mwenye nyumba akaandika, bila kuuliza mtu, Edmundi Sekiwa Chilewa. Akaibandika, akaigeuza chupa ili mzee aisome.

Bwana Lukio, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu vyake, ambazo hazikuwa zimefunguka, na alizifunga mpaka chupa ilipoingia sandukuni. Taarifa yake ya siku ile ipo Wizarani, imepigwa muhuri, na inasema kwamba katika nyumba hiyo hakuna mtu aliyemfahamu mwenzake.